Mchezo wa Kuongoza Ndege na Kazi Yenyewe

Mwaka 1985 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Kennedy Approach, uliotungwa na Andy Hollis. Ulichezwa nyumbani kwenye kompyuta ndogo za Commodore 64 na Atari. Humo hakuna adui wa kupigwa risasi. Mchezaji anafanya kazi ya mtu mwingine: yule anayekaa mbele ya rada akiongoza ndege zinazokuja kutua na zinazoondoka.

Anaanza zamu katika mji kama Atlanta au Denver, na akiwa hodari anafika New York. Akitoa amri kwa kijiti cha mkononi, kompyuta huitamka, na rubani naye hujibu. Kwa wakati ule kompyuta kusema lilikuwa jambo la ajabu.

Sheria kuu ni ile ile ya rada za viwanjani: ndege mbili zitengane maili 3, au futi 1,000 kwa kimo. Yaonekana rahisi. Lakini hebu tupige hesabu. Ndege mbili zilizo kimo kimoja zinaelekeana, kila moja ikienda maili 240 kwa saa. Kila dakika zinakaribiana maili 8. Maili 3 huisha kwa muda usiofika sekunde 23, na ndani ya muda huo amri itolewe, rubani aitikie, ndege ianze kugeuka. Ndege haigeuki kama baiskeli! Kwa hiyo mwongozaji huamua mapema, na wakati huo huo kuna ndege nyingine inayolalamika kwamba mafuta yanakwisha.

Mchezaji akichoka, huzima mashine akaenda kula.

Wenye kazi hiyo hawakuwa na nafasi hiyo. Tarehe 3 Agosti 1981 waongoza ndege wapatao 13,000 wa Marekani, wanachama wa PATCO, waligoma. Walidai mshahara zaidi, kustaafu mapema, na wiki ya saa 32 badala ya 40. Dai la saa ndilo ambalo mchezo huu unalieleza vizuri kuliko hotuba yoyote. Sheria ilikataza wafanyakazi wa serikali kuu kugoma. Rais Ronald Reagan aliwapa saa 48 warudi kazini, kisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Oktoba mwaka ule ule chama chao kikanyang'anywa haki ya kuwawakilisha.

Walioajiriwa baadaye waliunda chama kipya, NATCA, mwaka 1987. Waliofukuzwa hawakuruhusiwa kuomba tena kazi yao mpaka Rais Bill Clinton alipoondoa katazo hilo mwaka 1993. Aliyefukuzwa akiwa na miaka 35 alikuwa amefika 47.