Ekseli ya Nyuma ya Lori la Zamani: Kuitambua na Kuitunza

Katika lori kuukuu hapana chuma kisahauliwacho upesi kuliko ekseli ya nyuma, kwa kuwa imefichika chini ya gari. Walakini ndiyo ichukuayo uzito wa shehena, na ndiyo ipelekayo nguvu ya injini kwenye magurudumu. Ikivunjika mlimani, hatari yake ni kubwa. Kwa hiyo twapenda kueleza namna ya kuitambua na kuitunza.

Ndani ya ekseli mna gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungushwa na propela. Pinioni huzungusha gia kubwa ya duara iitwayo krauni. Katika krauni mna difu, yaani gia ziruhusuzo gurudumu la nje kwenda mbio kuliko la ndani gari lipindapo. Kutoka kwenye difu shafti mbili, ya kuume na ya kushoto, hufika magurudumuni.

KUITAMBUA. Tutwae mfano wa lori la GMC la magurudumu sita, lililoundwa Marekani katika vita vya 1939 hadi 1945. Yaliundwa zaidi ya 500,000, na mwaka 1944 yalipeleka chakula na petroli kwa majeshi katika Ufaransa. Hata leo wako watu wa Ulaya na Marekani wayatunzao. Malori hayo yana ekseli za namna mbili. Namna ya kwanza, ya Timken, nyumba yake ya katikati ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa duara ya bolti. Namna ya pili huitwa banjo, kwa kuwa umbo lake lafanana na ngoma ya zeze lile. Nyumba yake ni kipande kimoja, na gia zaweza kutolewa bila kuishusha ekseli nzima. Vyuma vya ndani vya namna moja havifai namna nyingine. Basi anunuaye vyuma na atazame kwanza chini ya gari lake.

Malori mengine ya kale ya Uingereza yana gia ya parafujo badala ya pinioni. Kampuni ya Dennis ilianza kuitumia mwaka 1904. Gia kubwa ya namna hii ni ya shaba nyeusi. Mafuta mengine ya gia ya siku hizi yana dawa ya salfa ifaayo meno ya chuma, lakini yaweza kuila shaba. Mwenye gari hilo na achague mafuta yasiyodhuru shaba.

Kujua kadiri ya gia, inua gurudumu moja la nyuma, la pili likae chini, na gia iwe huru. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili, ukihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara sita na nusu, kadiri ni sita na nusu kwa moja. Lori lenye ekseli mbili za nyuma, propela ifunguliwe kwanza.

KUITUNZA. Kwanza, gari likisimama mahali sawa, mafuta na yafike ukingo wa tundu la kujazia, yasizidi. Pili, safisha tundu la pumzi juu ya ekseli. Likizibwa na tope, joto husukuma mafuta yapite kwenye sili mpaka breki, na breki zilizolowa mafuta hazishiki. Tatu, gari likivuka mto wenye kina, tazama mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, yamwagwe. Nne, umwagapo mafuta, angalia vipande vya chuma. Unga mwembamba ni wa kawaida. Kipande cha jino ni onyo.

HATARI. Katika malori mengi ya zamani breki ya mkono hushika propela, haishiki magurudumu. Basi gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliachia lizunguke, na gari laweza kuteremka juu ya mtu aliye chini yake, ijapokuwa breki imevutwa. Kadhalika shafti moja ikivunjika, breki hiyo haina nguvu. Kwa hiyo weka vigingi imara mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na utegemeze gari juu ya magogo au stendi. Jeki peke yake haitoshi. Hii ni kanuni pia kwa ahesabuye mizunguko kama tulivyoeleza.

Tena, breki nyingi za zamani zina asbesto. Vumbi lake likivutwa pumzini huleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Usilipulize wala kulifagia likiwa kavu. Lilowanishe, ulipanguse kwa kitambaa kibichi, nacho kisitumike tena.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili moja iliyobadilishwa mapema ni gharama ndogo. Breki iliyokataa mteremkoni hailipiki. Waalimu na wakubwa wenye kuangalia magari na wawafundishe vijana wao kutazama chini ya gari kabla ya safari.