Jihadhari na mvuke wa petroli unapotengeneza boti

Wengi wenye boti za injini, iwe ni Lamu, Mtwapa ama Mbita, hufungua wenyewe tangi, mipira ya mafuta na kabureta. Kazi yenyewe si ngumu. Shida ni kwamba kinachodhuru hakionekani kwa macho.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupandi juu kama moshi. Hushuka na kujikusanya kwenye ngama na chini ya viti. Boti ni kama bakuli. Mvuke ukishaingia hauna pa kutokea. Ukifika asilimia 1.4 hivi ya hewa iliyomo, cheche moja ya betri au swichi yatosha kuulipua.

Je, mwilini hufanya nini? Ukiuvuta, hupitia mapafuni, ukaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Utaumwa na kichwa, utahisi kizunguzungu na kichefuchefu, na utalegea kama mlevi. Ukizidi kukaa hapo waweza kuzirai, na mapigo ya moyo yaweza kuvurugika. Usiitegemee pua yako, kwani huizoea harufu upesi ukadhani imekwisha. Tena petroli ina kemikali iitwayo benzini, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani ya damu.

Kabla ya kuanza kazi, fanya hivi:

• Zima injini na uiache ipoe, kisha ondoa nyaya za betri.
• Fungua vifuniko vyote hewa ipite. Tangi la kubebeka lijazwe nchi kavu, si ndani ya boti.
• Pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto karibu.
• Petroli ikimwagika, ipanguse kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukitoe nje ya boti.
• Kabla ya kuwasha injini tena, kagua kama kuna mahali panapovuja.

Desturi mbaya kuliko zote ni kufyonza petroli kwa mpira mdomoni. Tumia pampu ya mkono. Tone dogo likipotea njia na kuingia mapafuni laweza kuleta nimonia kali.

Aliyemeza petroli asitapishwe kamwe, wala asipewe maziwa, kwa maana akitapika mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali hata kama anasema yu mzima. Kikohozi na kuhema vyaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Aliyelewa mvuke mtoe kwenye hewa safi, lakini usiingie mahali palipofungika kumfuata kabla ya kupafungua na kuita msaada. Petroli ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Nguo zilizolowa zimwagiwe maji kwanza, ndipo zivuliwe, mbali na moto.

Ukianza kuumwa na kichwa ukiwa kazini, usimeze dawa ukaendelea. Toka nje kwanza. Huo ni mwili wako unakuonya.