Faili likipotea, mgonjwa naye hupotea

Madukani kwetu hapa Mombasa kuna msemo maarufu: mali bila daftari hupotea bila habari. Niliukumbuka siku nilipomsindikiza jamaa yangu kliniki kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV. Tulingoja karibu saa mbili faili lake litafutwe kwenye rafu. Halikuonekana. Akafunguliwa jipya, kana kwamba ndiyo kwanza anaanza dawa.

Utasema ni karatasi tu. Lakini faili lile lilikuwa na majibu ya vipimo vya wingi wa virusi mwilini, dawa alizobadilishiwa na sababu zake. Isitoshe, katika hesabu ya hospitali jamaa yangu sasa ni watu wawili: mmoja mgeni, na mmoja aliyetoroka matibabu.

Shida hii hapa Pwani ni kubwa kwa sababu watu wetu hawatulii. Mvuvi hufuata samaki, leo Vanga, mwezi ujao Lamu. Dereva wa lori hupakia Kilindini akaenda hadi Malaba. Akichukua dawa kwengine, kwao huandikwa amepotea. Na majina yetu nayo! Fatma wa kituo kimoja ni Fatuma wa kituo cha pili, na kina Mohamed Ali hawana idadi. Mhudumu wa afya atatumwa kumtafuta mtu anayemeza dawa zake vizuri, huku aliyeacha kweli hana anayemfuata. Dawa nazo zitaagizwa kwa hesabu isiyo sahihi.

Dawa ya shida hii tunayo. Kwa miaka zaidi ya kumi vituo vingi nchini vimekuwa vikitumia KenyaEMR, programu ya kompyuta ya kuweka rekodi za wagonjwa. Daktari akifungua rekodi, anaona nani hakuja siku yake, nani kipimo chake kimechelewa, na nani virusi vimepanda ingawa anameza dawa. Mgonjwa akiwa na nambari yake moja ya kipekee, hata jina likikosewa, atajulikana ni yuleyule.

Tatizo ni kwamba mahali pengi kompyuta haijavuka mlango wa kliniki ya HIV. Mama mjamzito akipimwa chumba cha pili, au mgonjwa wa kifua kikuu chumba cha tatu, bado ni rejista na kalamu. Umeme ukikatika, sote tunarudi kwenye karatasi. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada, tulionja hatari ya kutegemea mfuko wa mwenzio. Kaunti zetu ziweke kazi hii kwenye bajeti zao.

Kuna wanaoogopa siri kutoka, nami siwalaumu. Mwaka 2015 Rais aliagiza ikusanywe orodha ya watoto wa shule wenye virusi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilivunja katiba. Tuna sheria ya HIV ya 2006 na ya kulinda data ya 2019. Kila mhudumu awe na nywila yake, na ijulikane nani amefungua rekodi ya nani. Rejista iliyoachwa wazi mezani haikuwahi kutuambia nani ameisoma.

Siri ya mgonjwa ni amana. Lakini kuipoteza historia ya matibabu yake pia ni kuvunja amana.