Filamu Hii Inamfaa Nani? Namna ya Kutoa Maoni Yanayoisaidia Jamii Kuchagua

Katika vikao vya kamati za sharika zetu kuna swali linalojirudia: "Vijana wanataka kuonyeshwa filamu, tuwaonyeshe ipi?" Majibu huwa mafupi. Mmoja anasema ipo moja nzuri sana, mwingine anasema hiyo haina maadili, na kikao kinaishia hapo. Mwisho wa yote huonyeshwa ile iliyokuwemo kwenye flashi ya aliyewahi kufika.

Makala hii inaeleza kwa nini maoni ya mtu kuhusu filamu au tamthilia yana uzito kuliko tunavyodhani, na namna ya kuyatoa ili yamsaidie anayesikia. Hatuandiki kwa ajili ya wataalamu wa sanaa. Tunaandika kwa ajili ya mzazi, mwalimu, mzee wa usharika na kiongozi wa vijana.

UCHAGUZI MKUBWA, USHAURI MDOGO

Miaka ya nyuma mtu aliyetaka filamu alikwenda kwenye banda la video, ambalo vijana walilibatiza jina la kibanda umiza. Mwenye banda ndiye aliyewachagulia wote. Leo filamu zinaingia nyumbani kwa king'amuzi, kwa simu na kwa flashi inayojazwa dukani kwa bei ndogo. Tamthilia za Kituruki, Kikorea na Kifilipino zinatazamwa sebuleni pamoja na za kwetu. Uchaguzi umekuwa mkubwa mno, lakini wa kutushauri ni wachache. Familia nyingi hazisomi uchambuzi wa filamu gazetini. Zinategemea neno la jirani, la shemeji au la mwalimu wa mtoto. Neno hilo ndilo linaloamua mtoto wa miaka minane ataona nini jioni ya leo.

MAZUNGUMZO NI SEHEMU YA KAZI

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watu wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na mwanamke mmoja, na mkewe Tunu, ambaye hatimaye alimwacha akaanzisha biashara ndogo ili alee watoto wake. Watafiti walipata nafasi adimu ya kupima matokeo, kwa sababu eneo lililohudumiwa na mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995. Waliweza kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Waliona mabadiliko kwa wasikilizaji, na pia kwamba njia mojawapo muhimu ya mabadiliko hayo ilikuwa maongezi: mke na mume kujadili kisa cha Mkwaju, na marafiki kubishana juu yake.

Mfano wa karibu zaidi na filamu unatoka Uganda. Mwaka 2016 watafiti walionyesha filamu bila malipo katika mabanda ya video kwenye vijiji 112. Katikati ya filamu za kawaida waliweka michezo mifupi, na katika baadhi ya vijiji michezo hiyo ilihusu wanawake wanaopigwa nyumbani. Zaidi ya watu 10,000 walihudhuria. Miezi kadhaa baadaye, mtazamo wa watu juu ya kipigo chenyewe haukuwa umebadilika sana. Kilichobadilika ni utayari wa wanawake kutoa taarifa wanapojua kuna mtu anapigwa. Awali wengi walinyamaza kwa kuogopa kuitwa wambea. Baada ya michezo ile, hofu hiyo ilipungua.

Kwa hiyo filamu haimalizi kazi yake taa zinapowashwa. Inawapa watu jambo la kuzungumza, na wakati mwingine inawapa ruhusa ya kuzungumza lililokuwa aibu kulitaja. Anayependekeza filamu anachagua pia mazungumzo yatakayofuata nyumbani.

"NZURI" NA "MBAYA" HAYATOSHI

Watu wawili wanaweza kukaa benchi moja, wakaona filamu moja, wakatoka na mafunzo mawili yanayopingana. Nchini Marekani mwaka 1971 ilianza tamthilia ya kuchekesha iliyoitwa All in the Family. Mhusika wake mkuu, Archie Bunker, ni baba wa familia anayewadharau watu weusi na wageni. Waandaaji walikusudia watazamaji waucheke upumbavu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1974 ulionyesha kwamba watazamaji wenye ubaguzi walielekea kumpenda Archie na kumwona kuwa ndiye msema kweli. Kichekesho kilikuwa kilekile, lakini kila mmoja alikicheka kwa sababu yake.

Hata kwetu kijana anaweza kuangalia filamu ya jambazi anayekamatwa mwishoni, akasahau pingu na kukumbuka gari. Ndiyo maana mtu akisema tu kwamba filamu "ina mafunzo", bado hajatueleza kitu. Mafunzo gani, na kwa nani?

MAMBO MATANO YA KUSEMA

Unapompendekezea mtu filamu, jitahidi kumweleza mambo haya matano. Hayachukui zaidi ya dakika tatu.

1. Inahusu nini. Eleza chanzo cha kisa na tatizo linalowakabili wahusika, kisha ishia hapo. Ukitoboa mwisho umemnyima mwenzako utamu. Lakini mzazi au mwezeshaji aelezwe mwisho pembeni, maana yeye anapaswa kujiandaa.

2. Inamfaa nani. Taja umri, na taja waziwazi kilichomo: damu, matusi, mambo ya chumbani, uchawi, mtu kujiua. Usiseme "ina vitu vibaya kidogo". Kinachoonekana kidogo kwako kinaweza kuwa kikubwa kwa aliyefiwa wiki iliyopita. Bodi ya Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja ya umri. Angalia daraja hilo, ila lisikuzuie kuiona filamu mwenyewe kwanza.

3. Lugha. Sema kama ni ya Kiswahili, kama ina maandishi chini, au kama imetafsiriwa na msimulizi. Wasimulizi wa filamu, kama Lufufu aliyejipatia jina Dar es Salaam, wana kipaji cha pekee. Hata hivyo msimulizi huongeza utani wake, hufupisha, na pengine hubadili maana. Nakala yenye msimulizi ni kama filamu nyingine, kwa hiyo sema uliona nakala ipi.

4. Urefu. Filamu ya saa mbili inamalizika kabla giza halijaingia sana. Tamthilia ya vipande mia moja inachukua muda wa kazi za nyumbani na masomo ya jioni kwa miezi.

5. Maoni yako, na sababu. Hapa tenganisha mambo mawili. Lipo la ufundi: uigizaji, sauti, picha, kisa kinavyokwenda. Lipo la ujumbe: filamu inamsifu nani, na inamdhalilisha nani. Filamu inaweza kutengenezwa vizuri ikabeba ujumbe mbovu, na nyingine ikawa na sauti hafifu lakini ikasema kweli. Ukisema sababu, hata asiyekubaliana nawe atajua la kufanya na maoni yako.

MFANO: NERIA

Tuchukue filamu ya Zimbabwe iitwayo Neria, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na kisa cha mwandishi Tsitsi Dangarembga. Maoni yanayosaidia yanaweza kuwa hivi:

"Neria na mumewe wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Mume anafariki ghafla, na shemeji anaanza kuchukua mali kwa jina la mila. Neria anapaswa kuchagua kunyamaza au kudai haki yake na ya watoto. Inawafaa watu wazima na vijana waliokwisha kupata kipaimara. Ina msiba mzito, hivyo mjane mpya aulizwe kwanza kama yuko tayari. Lugha ni Kiingereza, atahitajika mtu wa kufasiri. Mwendo wake ni wa taratibu kuliko filamu za siku hizi. Nimeipenda kwa sababu haitukani mila. Inamwonyesha mtu mmoja mwenye tamaa anavyojificha nyuma ya mila. Angalizo: sheria inayozungumzwa ni ya Zimbabwe."

Angalizo hilo la mwisho si dogo. Mjane anayeiona filamu hii Tanzania anaweza kuondoka akiamini kwamba mahakama itamtendea kama ilivyomtendea Neria. Hapa kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi, lakini katika mirathi zimekuwepo kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 ambazo hazimpi mjane urithi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walionyimwa urithi kwa kanuni hizo. Kwa hiyo anayependekeza Neria apendekeze pia msaidizi wa kisheria awepo siku hiyo. Kumpa mjane matumaini bila kumwelekeza pa kwenda ni kumwongezea mzigo.

TAMTHILIA NDEFU ZINA HESABU YAKE

Filamu huihukumu ikiisha. Tamthilia huanza kuihukumu kabla haijaisha, na hapo ndipo wengi tunateleza. Mhusika mwovu anaweza kushamiri kwa vipande thelathini kabla ya kuvuna alichopanda. Anayeacha katikati ameona ushindi wa uovu peke yake. Unapoipendekeza tamthilia, sema umefika kipande cha ngapi, na rudi kutoa maoni mapya ukimaliza. Kubadili maoni baada ya kuona zaidi ni uaminifu.

Wazazi nao wasiishie kupiga marufuku. Kijana aliyekatazwa bila maelezo ataitazama kwa rafiki, na huko hakuna atakayemuuliza, "Wewe ungekuwa yule dada, ungefanyaje?" Kukaa naye kipande kimoja na kumwuliza swali hilo kunafaa zaidi.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA WAFADHILI

Kamati inayopanga onyesho la filamu izingatie haya. Wajumbe wasiopungua wawili, mwanamke na mwanamume, waitazame yote kabla. Watoto wadogo wapangiwe shughuli yao, maana filamu ya watu wazima ikionyeshwa uwanjani watoto ndio hukaa mbele. Ruhusa ya mwenye filamu iombwe, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii hata pale onyesho lisipotoza kiingilio. Muda wa majadiliano utengwe kabla watu hawajatawanyika, angalau nusu saa, na wanawake na vijana wapewe nafasi ya kusema kwanza.

Muhimu kuliko yote, kamati ijue nani atampokea mtu atakayejitokeza. Matokeo ya Uganda yanatuonyesha kwamba onyesho zuri linafungua midomo. Mama akifunguka usiku ule kwamba anapigwa, lazima awepo mtu mwenye kutunza siri, anayejua njia ya kwenda dawati la jinsia na watoto la polisi na kituo cha afya.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: projekta na jenereta ni rahisi kuziweka kwenye bajeti na kuzipiga picha. Gharama isiyoonekana kwenye picha ni ya mwezeshaji, ya nauli ya msaidizi wa kisheria na ya kuwafuatilia watu mwezi mmoja baadaye. Tukilipia vifaa tu, tumefungua banda jingine la video.

Tunashauri kila usharika uanzishe daftari la filamu, likae ofisini au kwa kiongozi wa vijana. Kila aliyeona filamu au tamthilia aandike yale mambo matano, pamoja na tarehe. Maoni mawili yanayopingana juu ya filamu moja yasifutwe, yaachwe yote, kwa sababu yatamsaidia msomaji kupima. Daftari likizunguka kwa mwaka mmoja, kamati haitategemea tena flashi ya aliyewahi kufika, na mzazi ataweza kuuliza kabla mtoto hajakaa mbele ya runinga.