Kauli za Njiani: Kiingereza cha Wasafiri Karatu na Ngorongoro



Nianze na chai. Asubuhi moja mjini Karatu, katika baraza ya hoteli ndogo iliyo kando ya barabara kuu iendayo lango la Ngorongoro, mama mmoja mgeni aliagiza chai ya maziwa. Kijana aliyemhudumia alimjibu kwa Kiingereza, “I am coming,” akageuka na kwenda zake. Mgeni alimsindikiza kwa macho hadi alipopotelea jikoni, kisha akamwuliza mwenzake kama kijana yule anaijua tofauti ya kuja na kwenda.

Kijana anaijua vizuri sana. Alichokisema ni “nakuja”, na katika Kiswahili hiyo ni kauli kamili tena ya adabu. Aondokaye huitamka kwa kuwa kinachozingatiwa ni pale mwendo wake utakapokomea, yaani kwa yule anayeachwa. Kuondoka kimya ni kumtelekeza mtu. Kiingereza nacho kina kauli ya kazi hiyohiyo, “I’ll be right back”, lakini haina neno hata moja linalofanana na “nakuja”. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa kutafsiri neno kwa neno hawezi kuifikia kamwe.

Mada yangu leo ni kauli za namna hii, zile zinazojaza vijitabu vya misemo ya wasafiri na madaftari ya vijana wanaojifundisha Kiingereza ili wapate kazi. Sisi wanaisimu tumezoea kuviachia wachapishaji vijitabu hivyo, kana kwamba havina la kutufunza. Nadhani tumekosea.

Karatu ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huu upo yapata kilomita 140 kutoka Arusha, na karibu kila gari la watalii litokalo Arusha kwenda kreta hupita hapo. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Biashara ya wageni basi si ngeni kwa wenyeji. Lakini utajiri wa Karatu kwa mwanaisimu ni mkubwa kuliko huo. Kiiraqw, lugha ya Kikushi, ndiyo lugha ya nyumbani ya wengi wilayani. Kidatooga na Kimaasai, lugha za Kiniloti, zinasikika mnadani na njiani. Kandokando ya Ziwa Eyasi kuna Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko na ambayo wataalamu wengi siku hizi wanaiona kuwa haina ndugu aliyethibitishwa. Lugha za Kibantu zipo pia. Mzee wa Kiiraqw anayemjibu mtalii “Marahaba” anatumia lugha yake ya pili. Mjukuu wake anayemwongoza mtalii huyo anatumia ya tatu. Na kauli zake za Kiingereza, kwa sehemu kubwa, zimepitia Kiswahili kabla ya kumfika mgeni.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufariki kwake, alitukumbusha kwamba kusema ni kutenda: tunaahidi, tunaomba, tunakataa, tunafariji. Tafsiri sisisi huyavusha maneno na kukiacha kitendo ng’ambo ya pili.

Chukua kuomba. Kiswahili kimeutia upole ndani ya kitenzi chenyewe. “Naomba maji”, “unisogezee kidogo”, “nisaidie, dada yangu”: hali tegemezi, neno “kidogo” na jina la udugu vyote vinafanya kazi. “Tafadhali” tunalo, lakini katika mazungumzo ya kila siku ni adimu kuliko vijitabu vinavyodai, na likitamkwa kwa ukali huwa ni onyo: “Tafadhali, bwana!” Kiingereza kinaweka upole mahali pengine, katika “could you” na “would you mind”, na katika “please” linalopachikwa karibu kila mahali. Kijana anayetafsiri “nipatie tiketi yako, mama” kuwa “give me your ticket” amevua upole wote wa Kiswahili bila kuvaa ule wa Kiingereza. Akilibakiza lile “mama” hali haiwi afadhali, kwani wako wageni wasiofurahi kuitwa mama na mtu ambaye hawakumzaa.

Mfano ulio mkali zaidi ni wa “itabidi”. Magari yote ya wageni hutakiwa kuwa yametoka ndani ya kreta kufikia saa 12 jioni. Dereva anayesema “Itabidi tuondoke” anamtupia lawama saa, si mgeni. Kitenzi hakina mtu anayeamuru. Akisema “You must go now”, mgeni husikia kwamba anafukuzwa. (Habari ya saa yenyewe, yaani kijana anayesema “two o’clock” akikusudia saa 2 asubuhi, inafahamika kwenu nyote. Wengi wetu tumewahi kungojwa au kungoja.)

Penelope Brown na Stephen Levinson waliufafanua upole kuwa ni kuulinda uso wa msemaji na wa msikilizaji. Nadharia yao imekosolewa kwa kumtazama mtu mmojammoja mno, nami nakubaliana na wakosoaji hao, maana “dada” na “kaka” zetu haziulindi uso wa mtu tu, zinampa nafasi katika ukoo. Hata hivyo nadharia hiyo inatusaidia kuona kwamba kijana wa Karatu hakosi adabu. Adabu anayo, imepotelea njiani katika tafsiri.

Upotevu huu una pande mbili. Njia ya kushukia Empakaai ina utelezi, na wageni huiteremka kwa miguu wakiwa na askari wa hifadhi. Mgeni akiteleza, mwongozaji husema “Sorry!” naye mgeni hujibu kwamba halikuwa kosa lake. Mwongozaji hakukiri kosa, alisema “pole”. Sasa mgeuzie mgeni kijitabu. Humo “pole” na “samahani” zote zimewekwa mkabala na neno hilo moja. Mgeni anamkanyaga mtu sokoni, anafungua ukurasa na kutamka “Pole”, bila “samahani” ya kuitangulia. Aliyekanyagwa anapewa rambirambi na aliyemkanyaga.

Kauli inayonisikitisha kuliko zote ni “Maybe later”. Mbele ya maduka ya vinyago kando ya barabara, mgeni anayeharakia gari humwambia mchuuzi maneno hayo kwa tabasamu. Kwake yeye ni kukataa kwa heshima. Mchuuzi amejifunza “maybe” ni “labda” na “later” ni “baadaye”. Anajua gari litarudi jioni kwa barabara ileile, maana haina nyingine. Anangoja, pengine anamwekea kando kinyago kile na kuacha kumwuzia mtu mwingine. Jioni anakuja dirishani: “You promised me.” Mgeni anaona usumbufu, mchuuzi anaona uongo, na kila mmoja ana ushahidi wa kutosha kwa mujibu wa lugha yake. Sisi pia tuna kukataa kwa namna hiyo. “Siku nyingine, Mungu akipenda” hakuna Mswahili anayeichukua kuwa ni ahadi ya kununua.

Vijitabu vyenyewe vina historia. Edward Steere alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, kazi ya mtu aliyewasikiliza Waunguja kwa makini. Kufikia mwaka 1936, F. H. Le Breton aliwaandikia walowezi, askari, wachimba madini na wafanyabiashara Kiswahili cha bara kilichorahisishwa, chombo cha bwana mbele ya mtumishi. Vijitabu vya leo vimeacha amri nyingi na kuweka “Jambo” na “Hakuna matata”, kauli zilizoenezwa na wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 na filamu ya Marekani ya mwaka 1994. Mtanzania husema “hakuna shida” au “haina neno”, na katika salamu huuliza “hujambo?” Ila sina ugomvi na mgeni anayesema “Jambo”, amejaribu. Ugomvi wangu ni na kijitabu kisichomwambia kwamba mzee huamkiwa “Shikamoo”, na kwamba “Mambo?” aliyofundishwa na dereva wake kijana haifai kwa babu wa dereva huyo.

Napendekeza basi kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu: tungeni kitabu cha kauli za njiani kilichopangwa kwa vitendo, si kwa maneno wala kwa mahali kama “hotelini” na “sokoni”. Kiwe na mlango wa kuaga kwa muda, wa kuomba, wa kufariji, wa kukiri kosa, wa kukataa. Kisomwe kutoka pande zote mbili, na Kiiraqw kipate safu yake, maana wako wazee Karatu ambao Kiswahili chetu wamejifunza kama vijana wao wanavyojifunza Kiingereza. Mlango wa kukataa ndio ningeanza nao, na data yake ningeikusanya pale kwenye vinyago, asubuhi magari yanapopanda na jioni yanaporudi.