Je, Wajua? Mzee Asiyelala Huenda Yuko Zamu

Je, wajua kwamba babu anayeamka saa tisa usiku na kuanza kukohoa sebuleni huenda anafanya kazi ya kale kuliko kilimo? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa Wadzabe, wawindaji na wachimba mizizi wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Serengeti ukitokea Mara. Watu wazima 33 walivaa mkononi, kwa siku 20, vifaa vidogo vinavyorekodi mwili unavyojigeuza usiku. Katika saa zaidi ya 220 zilizopimwa, muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wazee waliwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana wakachelewa, na kambi ikawa na macho karibu usiku kucha. Watafiti wakapendekeza kwamba usingizi mwepesi wa uzeeni si lazima uwe ugonjwa. Huenda ni ulinzi tuliorithi. Kwa hiyo kabla ya kumkimbiza babu kwa daktari wa usingizi, mshukuru kwanza.

Kwa Wadzabe hao hao, tangu miaka ya 1980, Mmarekani Kristen Hawkes na wenzake waliona jambo jingine. Bibi waliokwisha koma hedhi walikuwa miongoni mwa wachimbaji wa mizizi wenye bidii kubwa kambini, na mama anapokuwa na kichanga, uzito wa watoto wake wakubwa ulifuata mti wa kuchimbia wa bibi. Hapo ndipo ilipopata nguvu hoja kwamba mwanamke huishi miongo kadhaa baada ya uzazi kwa sababu wajukuu walimhitaji.

Je, wajua kwamba kupungukiwa na marafiki uzeeni si lazima iwe mkosi? Shuka Mwigobero, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, wanakopandia boti za kwenda Kinesi. Mzee aliyewahi kufahamiana na soko zima leo utamkuta na wenzake wawili watatu, wale wale kila siku. Usimhurumie haraka. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwamba watu wanapoona muda uliobaki ni mfupi, huchuja: huwaacha wa kujuana tu, wakabaki na wale wa moyoni. Utamu wa hoja hii umo katika majaribio. Watu waliulizwa wangependa kutumia nusu saa na nani: ndugu wa karibu, mtu waliyefahamiana naye juzi, au mwandishi wa kitabu walichokisoma. Wazee walielemea kwa ndugu. Vijana hawakuelemea popote, mpaka walipoambiwa wajione wako karibu kuhamia mbali. Hapo nao wakachagua kama wazee. Na wazee walipoambiwa wafikirie kuna dawa mpya itakayowaongezea miaka 20, wakaanza kuchagua kama vijana. Kinachochuja marafiki, basi, si mvi. Ni hesabu ya muda.

Lakini kuchuja ni tofauti na kuachwa. Wakurya wa Tarime na Serengeti, na jirani zao kadhaa wa Mara, walilijua hilo kabla ya Stanford, wakalitungia utaratibu unaoitwa nyumba ntobhu. Mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe za mahari na kumwoa mwanamke kijana. Si ndoa ya kulala pamoja. Kijana huzaa na mwanamume anayekubalika, watoto huitwa wa nyumba ya yule mama, na yeye hupata mrithi wa shamba, mtu wa kumchotea maji na wajukuu wa kumwita bibi. Ukiitazama kwa jicho la saikolojia ya uzee, ni bima yenye vitu vitatu kwa pamoja: matunzo, sauti za watoto nyumbani, na jina lisilokufa. Ukiitazama kwa jicho la yule kijana, mambo hubadilika. Wapo walioozwa wakiwa wadogo kwa sababu baba alizitaka ng'ombe, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua muungano wa mwanamume na mwanamke, haiitambui nyumba hiyo, hivyo ugomvi ukizuka haki yake huyumba. Mimi naiona ni akili nyingi iliyotumika kutatua shida ya mtu mmoja, na bili ikapelekwa kwa mwingine.

Je, wajua kwamba mstaafu maarufu kuliko wote wa Mkoa wa Mara alikuwa na mama yake hai mpaka yeye mwenyewe alipotimiza miaka 75? Julius Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alifariki mwaka 1997. Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, akarudi kijijini kwenye shamba, vitabu na bao, mchezo aliokuwa hodari nao. Kwa watu wengi wenye cheo, kustaafu ndiko kunakoua: simu zinanyamaza, na mtu hugundua kwamba walioitika walikiitikia kiti. Yeye alijitwisha kazi mpya. Utenzi wa Enjili, alioutunga kwa kufasiri Injili kuwa mashairi, ulitoka mwaka 1996, na mwaka huo huo alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki London, 14 Oktoba 1999. Sisemi kila mstaafu asuluhishe nchi jirani. Kuna ugomvi wa mipaka ya viwanja wa kutosha Musoma.

Namna unavyouwaza uzee nayo ina uzito. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alifuatilia watu 660 wa mji mdogo wa Oxford, Ohio, waliokuwa wameulizwa mapema wanauonaje uzee wao. Mwaka 2002 aliripoti kwamba waliouona vizuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya.

Sasa linganisha na jinsi uzee ulivyotazamwa Meatu, mkoani Simiyu leo, jirani wa Mara. Mchumi Edward Miguel alikusanya takwimu za vijiji vya huko na kuonyesha, katika makala ya mwaka 2005, kwamba mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka maradufu miaka ya ukame au mafuriko. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu. Macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyasababisha, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Tunaposifu heshima ya Mwafrika kwa wazee, tusiruke ukurasa huu.

Na tusijidanganye kwamba upweke ni wa Wazungu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema asilimia 24 ya watu wa nchi za kipato cha chini hujihisi wapweke, dhidi ya asilimia 11 hivi katika nchi tajiri. Ajabu nyingine: vijana ndio wanaolalamikia upweke kuliko wazee. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda aliwakutanisha wazee na watu waliohitaji kusikilizwa. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 waliofunzwa kusikiliza watu wenye sonona wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, na mwaka 2016 utafiti ukathibitisha kwamba dalili za waliokaa nao zilipungua.

Mwenye cha kutoa hutafutwa, na wakati mwingine cha kutoa ni shilingi ya kumnunulia mjukuu daftari. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kulipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hapana: shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapanda hadi 50,000. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Mvuvi wa Mwigobero aliyefikisha miaka 70 bila kuajiriwa popote hutegemea wanawe, na kama kaya yake ni maskini na imeandikishwa, ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF).