Kidonge cha Mjomba Wangu

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba wangu amekasirika. Mama alikuwa amemwuliza kwa nini kidonge cha jana kingali ndani ya kopo. "Dada, mimi nimepona," akasema. "Hata bandama imenywea. Mwenye afya anywe dawa ya nini?" Mjomba ana saratani ya damu ya aina iendayo polepole, na kwa kuwa nasoma Bayolojia, mama alinitaka nimweleze. Sikuweza. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Damu hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Seli zetu kwa kawaida zina kromosomu 46, na hizo ndizo zichukuazo maagizo ya kazi zote. Mwaka 1960 mabwana wawili wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, walieleza kuwa seli za wagonjwa wa namna hii zina kromosomu moja ndogo mno. Mwaka 1973 Bibi Janet Rowley wa Chicago akaonyesha sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika zikabadilishana vipande. Pale zilipoungana pametokea agizo lisilokuwako zamani, nalo huzaa protini iitwayo BCR-ABL.

Protini hiyo ndiyo adui. Katika seli nzima, ABL hufanya kazi ikiamrishwa, na hunyamaza ikikatazwa. Hii mpya hainyamazi. Ina kishimo ambamo huingia ATP, ile kemikali ya nguvu tuliyofundishwa. Humo huibandua fosfeti na kuibandika juu ya protini nyingine, nazo hueneza habari moja: gawanyikeni, msife. Basi chembe nyeupe huzidi kupita kiasi, na bandama huvimba.

Dawa ya mjomba huitwa imatinibu. Nilidhani huua kama sumu iuavyo panya, sivyo. Huingia katika kishimo kile kile ikakaa, hata ATP ikija huwa kama ufunguo uliokuta kijiti kimevunjikia ndani ya kufuli. Protini ipo, ila haina kazi, na seli nyingi zilizoitegemea hufa. Daktari Brian Druker na wenzake walianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ya 53 ilirudi kuwa ya kawaida! Mwaka 2001 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani.

Sasa lile neno la mjomba. Baada ya saa 18 hivi nusu ya dawa huwa imekwisha katika damu, na ndani ya uboho hubaki seli chache ambazo dawa haiziui. Kidonge kikikosekana mara kwa mara, kishimo huwa wazi, na protini huanza tena. Tena kishimo chenyewe chaweza kubadilika umbo. Badiliko moja, liitwalo T315I, huizuia imatinibu isiingie kabisa, ndiyo maana zikatafutwa dawa nyingine, kama ponatinibu iliyoruhusiwa mwaka 2012. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaachisha dawa baada ya miaka mingi, lakini hupimwa damu kila mara, na si wachache wanaolazimika kuirudia.

Siku ya Wazazi mjomba alikuja, nikamchorea kufuli na kijiti mchangani, chini ya mwembe. Alitazama sana. "Na hicho kijiti chatoka baada ya muda gani?" akauliza. Nikamwambia. Akamgeukia mama, akamwuliza basi la kurudi laondoka saa ngapi, maana kidonge chake hukimeza pamoja na chakula cha jioni.